Mkono Upande wa Pili wa Mkeka

Jumapili, 12 Oktoba 1997

Nimeficha mikono yangu tangu ujana. Kila mtu anaiona, lakini hapa Garissa hakuna anayejua kwamba haihisi kitu. Kutoka kwenye kifundo hadi ncha za vidole ni kama nimevaa glavu zisizovulika. Nikishika bilauri ya chai, macho ndiyo yanayoniambia kuwa ni moto, kwa kuuona mvuke.

Niliugua ukoma nikiwa chuo cha ualimu. Hospitali moja mbali magharibi ya nchi ilinitibu, nikapona kabisa, na nyumbani nikasema masomo yameongezwa mwaka. Ugonjwa ulipoondoka uliondoka na vidole vyangu, ingawa viliachwa mahali pake. Hivi viwili vilivyopinda nilisema niliviumiza mpirani. Watu huniona mcha Mungu kwa sababu nasalimu kwa kuweka mkono kifuani. Wanafunzi wangu waliniita Jiwe. Nilifurahi kuitwa hivyo. Jiwe haliulizwi kwa nini halishiki.

Tabibu anasema moyo umechoka. Hakutaja muda. Nimegawa matokeo ya mitihani maisha yangu yote, naijua sura ya mtu anayeficha alama mbaya.

Naandika ili nijizoeze kusema. Mikono ni nusu ya jambo. Nusu ya pili ni ya binti yangu Saynab, na leo siwezi kuiandika.

Jumanne, 14 Oktoba

Saynab amefika kutoka Nairobi, anakofundisha sanaa chuoni. Alinisalimu akiwa mlangoni, mikono imejaa magunia. Hata ingekuwa mitupu ingekuwa vilevile.

Jumapili, 19 Oktoba

Magunia yalikuwa na magome ya mgunga. Tangu juzi ua wetu wa Bulla Iftin umejaa wanawake wanaotafuna magome hadi yawe laini, wakitema, wakiyasokota nyuzi na kusuka mikeka. Saynab anajenga akal, nyumba ya kuhamahama kama zile za mama zetu, fito zilizopindwa na kuvikwa mikeka. Anatafuna pamoja nao.

"Msomi mzima anatoka Nairobi kuja kutafuna magome," dada yangu Maka alisema.

"Eeddo, si hata wewe ulitafuna ya harusi yako?"

"Nilikuwa na meno! Wewe utarudi chuoni kwa ufizi."

Maka ndiye aliyemlea. Saynab humwita Eeddo, shangazi, lakini sauti yake inaposema neno hilo ni ya mtoto kwa mama.

Leo alinieleza kazi hiyo, akiwa amechuchumaa mbele ya kiti changu, macho kwenye fundo alilokuwa akifunga. Ndani kutakuwa na giza. Katikati atatundika mkeka mmoja kama pazia. Mtu atakaa upande huu, mwingine upande wa pili, wasionane. Kila mmoja ataweka kiganja mkekani, wakisubiri hadi kila mmoja ahisi joto la mwenzake. Hapo ndipo mtu aseme lile ambalo hajaweza kulisema uso kwa uso. Mwakani anataka kuipeleka Nairobi ionyeshwe.

"Watu wetu hawagusani, Aabo," alisema, akiniita baba kwa lugha yetu. "Mtoto akishaacha kubebwa, basi. Mkono wa mwisho anaouhisi ni wa kumchapa."

Sijamchapa hata siku moja. Nilitaka kumwambia hivyo, nikaona si jambo la kujisifia.

Jumanne, 21 Oktoba

Bare, dereva wa lori, amerudi kutoka Sangailu. Nilimfundisha Bare miaka minne na sikufaulu kumpa herufi p.

"Mwalimu, hii mkeka imetoka kwa Mama Hawo. Amesikia mtoto anajenga. Amesema beleka, mbatie mkononi."

Hawo ni mama yake Saynab. Niliishi naye nilipokuwa mwalimu kijana kule Hadado, nikamwacha mwaka uleule Saynab alipozaliwa. Kutoka begani hadi nyuma ya paja binti yangu ana kovu la maji ya moto, alilolipata akiwa mchanga. Kila mtu wa ukoo anajua kuwa Hawo alizembea. Mama yangu ndiye aliyelitamka kwanza neno hilo, chumba kikiwa kimejaa watu, nami sikumkatiza. Hawo aliitazama mikono yangu, kisha akainamisha kichwa. Yeye peke yake aliyajua maradhi yangu. Kujitetea kungekuwa kunitaja. Mtoto akapewa Maka, Hawo akarudishwa kwao Sangailu na talaka yangu.

Saynab aliutazama mkeka bila kuushika.

"Wa yule aliyeniunguza?"

"Wa mama yako," nikasema.

"Mama yangu yuko jikoni anapika anjera. Bare, uweke stoo."

Bare alinitazama, nikatazama miguu yangu. Imevimba tena.

Alhamisi, 23 Oktoba

Mvua. Watoto wamecheza uchi barabarani. Wazee tumeshukuru.

Jumatatu, 27 Oktoba

Mvua haijakatika. Akal inavuja kama kung'uto. Mkeka wa nyumba una upande wa manyoya, yaani ncha za nyuzi zilizoachwa zining'inie, na upande laini; manyoya hukaa nje ili mvua iteleze. Saynab ameigeuza yote, manyoya ndani, maana anataka watu wapate kitu cha kupapasa.

"Umeivalisha nyumba kinyume," Maka alimwambia.

"Nimeivalisha kwa ajili ya mikono, Eeddo."

"Mvua haijui umeivalisha kwa ajili ya nini."

Jioni wanawake waliigeuza mikeka yote, wakicheka, wamelowa hadi mifupani. Saynab alicheka nao. Sikuwahi kumsikia akicheka hivyo karibu nami.

Jumapili, 2 Novemba

Wa kwanza kuingia walikuwa wake wenza wawili wa mtaa wa pili, ambao hawajasemezana tangu mwaka jana. Walikaa sana. Mdogo alitoka akiwa amevimba macho. Mkubwa alitoka akilalamika, "Nilijua ni huyu. Kiganja kizito kama jiwe la kusagia!" Lakini waliondoka chini ya mwavuli mmoja.

Tangu hapo wanakuja. Mvua imewafungia watu ndani na kila aliyefungiwa ana mtu wa kusema naye.

Ijumaa, 7 Novemba

Baada ya sala, Sheikh Mowlid alikuja na wazee kuuliza kinachoendelea. Alikuwa mpole lakini aliuliza swali lenyewe: mwanamume na mwanamke asiye wake wakiweka viganja mahali pamoja, mkeka ukiwa katikati, je, wameshikana mikono au hawakushikana?

"Sheikh," Bare akasema, "mimi nikigonga mlango wa mtu, nimemshika mkono?"

"Mlango hauna joto, Bare."

"Wewe hujagonga mlango ya bati saa saba mchana."

Hata sheikh alicheka. Akaamua: wanawake kwa wanawake, wanaume kwa wanaume, na wale wasioweza kuoana. Ndugu na dada. Mama na mwana.

"Baba na binti," Saynab akasema kutoka jikoni.

"Naam, baba na binti, hilo halina neno."

Wazee wakageuka kunitazama, wamefurahi kwa niaba yangu.

Jumapili, 9 Novemba

Nimejaribu kuikwepa siku hii kwa kukohoa. Haikufaa.

Saynab aliniingiza akal saa nne asubuhi akinishika kwenye mkono wa kanzu. Giza la mle ndani lina harufu ya magome mabichi, moshi na nywele zenye mafuta. Alinikalisha kwenye mto, akazunguka. Nikamsikia akiketi upande wa pili. Kupitia mkeka sauti yake ilikuwa karibu kuliko ilivyopata kuwa.

"Weka kiganja, Aabo. Usawa wa kifua chako. Hapo ninapokwaruza."

Alikwaruza mkeka kwa ukucha. Nikaweka mkono pale niliposikia mkwaruzo. Mvua ilikuwa ikipiga manyoya ya nje.

"Usiseme kitu mpaka unihisi," alisema. "Nami nitasubiri."

Nilisubiri. Nilisikiliza pumzi yake. Nilijaribu kupima kama mwalimu anayepima muda wa mtihani, mtu wa kawaida angehisi baada ya muda gani? Nikijibu mapema ataona naigiza, nikichelewa ataona simtaki. Niliwaza: sasa. Sema sasa, mikono, na maji, yote. Giza hili limejengwa kwa ajili yako.

Nikasema, "Naam. Nakuhisi, binti yangu. Una mkono wa joto."

Sauti yake ikatoka mbali, karibu na mlango.

"Aabo, mkono wangu haupo hapo. Niliutoa zamani. Nilisimama, nikaona labda umelala."

Niliushusha mkono mapajani.

"Ungesema tu hunihisi," akasema. "Wengine wamesema hivyo. Mke wa Bare alisema hahisi kitu, tukacheka, tukajaribu tena. Kwa nini unidanganye kwa jambo kama hili?"

Aliinua mkeka wa mlango, mwanga ukanipiga usoni. Alikuwa amesimama mvuani, na alinitazama kama wanafunzi walivyonitazama nilipowarudishia daftari ambazo sikuzisahihisha.

"Nilikuwa najiambia wewe ni mtu mgumu tu," alisema. "Kwamba chini yake kipo. Kumbe unaigiza hata joto."

Maka ndiye aliyenitoa.

Jumatatu, 10 Novemba

Chai imeletwa na Maka.

Jumanne, 18 Novemba

Chai imeletwa na Maka. Mvua.

Jumatatu, 24 Novemba

Mto Tana umevunja kingo zake. Barabara ya Nairobi imekatika na hakuna lori linaloingia. Bare anakaa barazani mwetu, hana pa kupeleka lori, anawatania wanawake. Saynab hawezi kurudi kazini. Tunaishi nyumba moja kama abiria waliokosa gari, tunapishana kwa adabu.

Nimeanza kumtazama vizuri. Wakati wa kusuka hukaa akiwa amegeuza bega moja ndani. Nilidhani ni ujeuri. Kumbe ni kovu, linamvuta siku za baridi.

Jumamosi, 13 Desemba

Mbuzi wanatupa mimba na kufa, damu ikiwatoka puani. Watu pia wanaugua. Redio inakataza kuchinja. Sokoni hakuna nyama. Wachinjaji wamekaa mbele ya vibanda vyao vitupu. Kutoka Ijara na Wajir habari ni hizohizo. Nimemuuliza Bare kama kuna neno lolote la Sangailu. "Sangailu ni kisiwa sasa, mwalimu," alisema. "Bole." Saynab alikuwa akisuka karibu nasi. Hakuinua uso, lakini vidole vyake vilisimama.

Jumatatu, 29 Desemba

Uchaguzi. Sikuweza kufika kituoni.

Alhamisi, 1 Januari 1998

Ramadhani. Maka ananiletea uji mchana, akifunga mlango ili nisione haya.

Zamani nilimwona Maka kuwa mwanamke mkali aliyeniondolea mzigo. Leo nimemwona akipaka mafuta mgongo wa mtu mzima wa miaka thelathini na zaidi, akilisugua kovu polepole kwa dole gumba. Alikuwa akimlaani Hawo chini kwa chini, kwa mazoea, kama watu wengine wanavyovuta tasbihi. Laana hiyo nimeisikia tangu Saynab akiwa mchanga, na kila mara nimegeuza ukurasa.

Alhamisi, 8 Januari

Mikeka mitatu imeoza, na ule wa katikati umepasuka. Wanawake wamechoka, njaa ya mfungo na habari za mifugo zimewamaliza nguvu, na magome hayapatikani. Adhuhuri Saynab aliingia stoo. Alitoka na mkeka wa Hawo, bado umefungwa kwa kamba ya Bare.

"Ni mkeka tu," alimwambia Maka, ambaye hakuwa ameuliza.

Aliutundika peke yake. Mimi nilikuwa kwenye kiti changu chini ya paa la baraza, hatua chache kutoka mlango wa akal. Nilisikia akivuta kamba, akiunyoosha kwa viganja. Kisha nikasikia ameacha.

"Eeddo," akaita. Sauti haikuwa yake. "Eeddo, njoo ushike hapa."

Maka aliingia. Baadaye alinieleza, nikaomba niingizwe ili nione kwa macho, taa ikiletwa. Upande laini wa mkeka ule umesukwa kwa ufundi ambao hakuna mwanamke hapa anao. Ila kuanzia juu, ukishuka kwa mshazari, kuna mstari mpana ambapo nyuzi zimekazwa na kukunjwa, zimeinuka mabonde na migongo. Saynab aliushusha mkono kwenye mstari huo, mkono wa pili ukiwa mgongoni mwake chini ya shuka, akilinganisha. Kovu na mstari vilikuwa vikienda pamoja. Mahali kovu linapogawanyika karibu na kiuno, mstari nao uligawanyika.

"Analikumbuka," Saynab alisema. "Lote. Hajaniona mgongo tangu nikiwa mchanga, na analikumbuka lote."

Aliegemeza paji la uso mkekani akalia kwa sauti, mwanamke mzima mwenye shahada. Maka naye akalia, na laana hazikumtoka.

"Amekiri," Saynab akasema. "Aabo, unaona? Hana la kusema kwa mdomo, amekiri kwa mkono. Alijua nitashika. Anaomba nimsamehe."

Taa ilikuwa mkononi mwangu. Maka alipiga kelele: kioo kilikuwa kimegusa kidole changu na ngozi ilikuwa inanuka. Wakadhani nimezama katika huzuni hata sikujali. Saynab alikichukua kidole changu na kukitia katika maji ya kunywa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuuona mkono wake umeshika wangu. Niliuona.

Ijumaa, 9 Januari

Chai imeletwa na Saynab. Amekaa nami. Ameuliza Hawo alikuwa mtu wa namna gani. Nikasema alikuwa akiimba anaposuka.

Sikusema neno la pili. Nyumba ina amani ambayo haijapata kuwa nayo. Ningeweza kufa ndani yake.

Jumapili, 11 Januari

Hawo hakukiri chochote. Alisuka alichokishika. Alikaa na mtoto yule siku zote za kuuguza, akimpaka samli, kabla wakubwa hawajaamua. Mikono yake ilijifunza jeraha lile, na haina uwezo wa kusahau. Yangu haikujifunza kitu.

Jumatano, 14 Januari

Asubuhi Bare alirudi kutoka kituo cha polisi akikimbia, tumbo likitangulia. Wamezungumza na Sangailu kwa redio. Helikopta ya msaada itawaleta wagonjwa na wanyonge wa pande za Ijara na Sangailu kesho, na Mama Hawo ni miongoni mwao. Mbuzi wake wote wamekufa. Yeye ana homa lakini anatembea.

"Nitampokea palepale uwanjani," Saynab alisema. Alikuwa amesimama, uso umewaka. "Nitamwambia nimemsamehe. Mbele ya watu wote, maana walimhukumu mbele ya watu. Aibu imtoke."

"Na mimi nitampikia futari," Maka akasema. "Mungu anisamehe maneno yangu."

Bare alijifuta macho kwa kilemba.

Nilimwona Hawo akilini mwangu akishuka kwenye helikopta, mnyonge, hana hata mbuzi mmoja, na watu wamekusanyika, na binti yangu anamfungulia mikono na kumsamehe. Nilijua atakachofanya. Angeinamisha kichwa akaupokea msamaha huo. Angenyamaza tena kwa ajili yangu, na mara hii wangempigia vigelegele.

Nikasema, "Saynab, niingize akal."

Alisita. "Aabo, si lazima."

"Niingize."

Nilikaa upande huu wa mkeka wa Hawo. Nikaweka kiganja juu ya mstari ule.

"Weka wako," nikamwambia. "Lakini nisikilize kwanza. Siku ile sikukuigizia joto kwa kukudharau. Mikono yangu haihisi. Haijahisi tangu kabla sijamwoa mama yako. Nilikuwa na ukoma." Nikamweleza yote, chuo, hospitali, vidole, taa.



"Kwa hiyo hukuwahi kunishika kwa sababu hiyo?" Sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Aabo, ungesema! Tungecheka! Mimi nilidhani..." Nilisikia ameanza kucheka na kulia pamoja. "Ni hilo tu? Mkono wangu uko hapa. Hata usipouhisi, mimi nahisi wako. Una baridi. Ni hilo tu?"

Hapo pia ningeweza kuacha. Alikuwa amenipa mlango wa kutokea, na ulikuwa mpana.

Nikasema, "Si hilo tu. Nilikushika mara moja."

Sijui kama mkono wake ulibaki mahali pake hadi mwisho. Nilisikia mvua, na Maka akipepeta mchele jikoni. Kisha nikasikia mkeka wa mlango ukiinuliwa. Yuko kule kwenye uzio sasa, amesimama mvuani na mgongo kwangu, na Maka anamwita aingie na haingii. Niliyomwambia nayaandika kama nilivyoyatamka, nisije nikayapunguza makali kesho Hawo akifika.

Mama yako alikuwa kisimani. Ulikuwa umejichafua, nami nilitaka akirudi akukute umeoga, acheke. Nikamimina maji ya birika kwenye karai. Nikayapima kwa mkono huu, nikaona yanafaa. Ulipolia nilidhani ni kwa sababu hujanizoea. Nikaendelea kukumwagia.